Hatua Saba Kutoka Kitandani

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo miguu yangu huikumbuka kabla ya kichwa. Nikipanda ngazi mahali popote, iwe ya ofisi mjini Voi au ya kanisa kule mlimani, hatua ya kwanza hunirudisha siku hiyo. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, huko kwetu Wusi, ukungu ndio kwanza unainuka mashambani. Mamangu alikuwa amesimama chini ya ngazi tano nilizojenga kwa mikono yangu. Watu nyuma yake walikuwa wakipiga vigelegele. Na yeye hapandi.

Nitakueleza kwa nini hakupanda. Lakini sina haraka, na wewe pia nakuomba uiweke haraka yako kando. Nimetembea sana, nimechoka, na mtu aliyechoka huzungumza polepole.

Kwanza unijue. Mimi si mzee wa mkongojo. Nina miaka arobaini na kitu, na wazee wenyewe wakinikuta nimekaa kati yao mkutanoni huniuliza kama nimekuja kupanga viti. Lakini nimelala katika nyumba nyingi kuliko wengi wao. Kazi yangu ni ufundi wa mawe na simiti. Nilimaliza shule ya upili, nikashuka Voi na begi moja, na tangu hapo sijatulia. Nimejenga Taveta, nimejenga Mombasa, nimekaa Kishushe nikijenga vyumba vya watu wanaotafuta madini, mahali ambapo gari la asubuhi likikuacha umeachwa hadi kesho yake. Kila chumba nilichopanga nilikifahamu kwanza kwa mwili. Kipo kilichonigonga paji la uso mwezi mzima mpaka shingo yangu ikajifunza. Kipo ambacho kitanda kiliegemea ukuta unaopigwa na jua la jioni, nikawa naamka na homa isiyo ya ugonjwa. Nikikwambia kwamba nyumba humgusa mtu kila siku kuliko jamaa zake wanavyomgusa, usicheke.

Nakusimulia haya kwa sababu siku hizi vijana wananijia na ramani kwenye simu. "Fundi, nataka nimjengee mama." Wanasema kwa furaha, macho yanawameta. Na mimi nikisikia maneno hayo naweka mwiko chini, natafuta mahali pa kukaa.

Nyumba yetu ya zamani aliijenga babangu kabla sijazaliwa. Kuta zilikuwa za fito na udongo, paa la mabati yaliyoshika kutu, na mgongo wake umeegemea mlima. Mlango ulikuwa mfupi, uko ubavuni, sawa na ardhi ya nje. Uliinama kidogo ukaingia, na ukishaingia ukasimama wima. Katikati palikuwa na nguzo moja iliyobeba paa. Mahali pamoja kwenye nguzo hiyo, usawa wa kiuno, palikuwa panang'aa kama kaunta ya duka, maana mikono ilipita hapo miaka yote. Sakafu ilikuwa ya udongo. Mama aliipaka samadi ya ng'ombe kwa mkono kila Jumamosi. Na kati ya kitanda chake na mafiga ya kupikia kulikuwa na kijia kilichozama kidogo sakafuni, kama vile vinavyoachwa na mbuzi mlimani. Tulipokuwa wadogo tukicheza gololi humo ndani, gololi zote zilikuwa zinaishia mafigani, na tulidhani ndiyo tabia ya gololi.

Hayo yote, mwanangu, niliyaonea aibu.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Huko Voi nilikuwa nimeshiriki kujenga nyumba ya mwenye duka mmoja, mtu wa asili ya pwani, mstaarabu, aliyekuwa akituletea maji baridi yeye mwenyewe. Nyumba ile niliipenda kama mtu anavyopenda wimbo. Voi unaijua. Ikifika saa sita jua linakuwa kama limekukalia begani. Lakini ukiingia mle ndani mwili wote ulishusha pumzi. Dari lilikuwa juu, kuta zina matundu ya kupitisha upepo, madirisha mapana, na sakafu ya vigae laini iliyopoza nyayo. Mchana tulipopumzika nilivua viatu nikasimama tu pale sebuleni, nisifanye lolote, nyayo zikinywa ubaridi. Nikajiambia, hii ndiyo nyumba mamangu atakayoishi.

Hilo ndilo kosa lenyewe, na ni kosa la sisi watu wa huku hasa, tunaoishi mlimani na kufanya kazi tambarare. Kwa gari si mbali, lakini mwili unajua ni nchi mbili. Niliinakili ramani ile kwenye daftari, kila kipimo, nikaipandisha Wusi kama mtu anayepeleka zawadi.

Nafasi nikaipata dadangu Wakesho alipojifungua mtoto wake wa kwanza huko Voi. Mama alishuka kumlea mzazi, kama ilivyo desturi, akakaa miezi mitatu. Nikaona Mungu amenifungulia njia. Nilipanda na marafiki wawili, mafundi wenzangu, na kwa siku mbili tuliiweka chini nyumba ya babangu. Udongo ulianguka kwa urahisi mpaka tukawa tunacheka. Ni nguzo tu iliyokuwa ngumu. Tuliitikisa, tukachimba, tukaitikisa tena. Ilipotoka niliikata kipande chini, nikaisimamisha kwenye banda la mbuzi kushikilia paa.

Jirani yetu Mama Saru, rafiki wa mamangu tangu ujana wao, alikuja na jembe begani, akasimama akitazama vumbi.

"Mwakio," akaniita, "mamako anajua?"

"Ni sapraizi, Mama Saru."

"Sapraizi." Alilitafuna neno hilo kidogo. "Na yeye akirudi atashika wapi?"

Nilidhani anauliza mama atashika kazi gani, na nyumba mpya haitakuwa na sakafu ya kupaka samadi. Nikamwambia atapumzika. Alinitazama, akasema "Haya," akaenda zake shambani. Nimelifikiria lile haya lake kwa miaka ishirini.

Nikajenga. Mlango niliuelekeza barabarani, ili kila apitaye aone. Kwa kuwa ardhi yetu inateremka, upande wa mbele niliuinua kwa mawe, ndipo zikapatikana zile ngazi tano. Niliweka madirisha mapana, dari la juu, matundu ya upepo, vigae sebuleni na chumbani. Jiko nikalitoa nje, upande wa nyuma, mama asivute tena moshi. Nilipomaliza nilishuka hadi barabarani nikaitazama. Ilikuwa nzuri. Sitakudanganya, mwanangu, ilikuwa nzuri mno.

Basi ndiyo hiyo Jumamosi. Mchungaji alikuja kuombea nyumba, majirani wakajaa, na mama akashuka kwenye gari akiwa amefunga leso mpya. Tulimwongoza hadi mbele ya ngazi. Akasimama. Vigelegele vikapanda. Yeye uso wake umeinuliwa kidogo, kama mtu anayesikiliza mvua ya mbali, na hapandi. Nilisema moyoni, furaha imemzidi.

"Mwakio," akasema polepole, "nishike mkono."

Nilimshika, nikajivuna. Niliona ananipa heshima mbele za watu, mama kuingizwa kwake na mwanawe. Ngazi ya kwanza aliipiga kwa kidole cha mguu ndipo akaipanda. Tulipoingia aligusa ukuta.

"Ni baridi," akasema.

"Ni rangi ya mafuta, mama. Hata ukichafuka unaosha tu."

Watu wakacheka. Naye akacheka, lakini alicheka akielekea upande ambao hapakuwa na mtu.

"Na moto uko wapi?"

"Jiko liko nje, mama. Hutatokwa na machozi ya moshi tena."

"Ahsante, baba," akaniambia. Kwetu mama humwita mwanawe hivyo anapompenda, au anapokosa la kusema.

Nilikaa nyumbani wiki kadhaa kabla ya kurudi kazini, na ndizo wiki zilizonizeesha. Mama, aliyekuwa akiamka kabla ya kuku, akawa anakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango tangu asubuhi hadi jua litue. Akitaka kwenda chumbani alipita akiburuta nyayo, mkono mmoja ukutani, kama mtu anayevuka mto asioujua kina. Miguu ilijaa alama za kugonga kona za meza. Nilipomuuliza alisema, "Uzee, baba." Na jambo moja liliniumiza bila kulielewa. Katika ile nyumba ya mlango mfupi, mama alikuwa akitembea wima. Katika hii yangu ya dari la juu, alikuwa ameinama.

Kisha ukungu wa Julai ukashuka. Yale matundu niliyoyaweka kupitisha upepo yaliupitisha kweli. Ukungu uliingia sebuleni ukakaa nasi kama mgeni. Vigae vilivyopoza nyayo za mwenye duka vilimchoma mama kwa baridi, akawa anavaa soksi, na soksi juu ya vigae, mwanangu, ni sawa na kutembea juu ya sabuni. Majirani nao wakapungua. Zamani Mama Saru aliingia moja kwa moja kutoka shambani, matope na yote, akakaa karibu na moto. Sasa alifika chini ya ngazi, akaitazama miguu yake, akavitazama vigae, akasalimia kutoka pale pale na kuondoka. Hakuna aliyemkataza. Sakafu ndiyo ilimkataza.

Mwisho wa mwezi Wakesho alipanda na mtoto. Tulikuwa sebuleni mchana, watu watatu na kichanga. Akasimama mbele ya mama, akamnyooshea mtoto. "Mshike mjukuu wako, mama, amekukumbuka."

Mama akanyoosha mikono yote miwili, anatabasamu. Mikono ikaenda upande wa dirishani. Ikakaa hapo hewani, imefunguliwa, ikingoja.

Wakesho alinitazama. Mimi nilimtazama yeye. Kisha dadangu akasogea hatua mbili, akamweka mtoto ndani ya mikono ile, mahali ilipokuwa.

"Mama," akasema, "kwani huoni?"

"Naona mwanga," mama akajibu. "Naona kama mtu aliyefunikwa gunia. Mchana najua ni mchana."

"Tangu lini?"

"Tangu babenu afariki. Ilikuwa inapungua kidogo kidogo."

"Na kule kwangu! Miezi mitatu! Umemwogesha mtoto kila siku!"

"Kwako ni chumba kimoja, Wakesho. Kitanda hapa, karai hapa, mtoto hapa. Nikinyoosha mkono nimefika." Alimpangusa mtoto mdomo bila kukosea. "Na kwangu pia nilikuwa sina shida. Kutoka kitandani hadi motoni ni hatua saba. Ya nne nashika nguzo, nageuka kidogo, tatu nimefika. Maji yako kushoto, nayasikia kwa ubaridi wake. Mlango naujua kwa kizingiti. Ningewaambia nini? Mngenihamisha."

Tulimpeleka hospitali. Walituambia ni presha ya macho, na kwamba tumechelewa miaka mingi. Kilichopotea hakirudi. Njia nzima ya kurudi Wakesho hakuninyamazia kwa hasira, aliniuliza tu, mara kwa mara, kama anayejiuliza mwenyewe: sasa ataishije pale? Na jibu alikuwa nalo tayari. Mama ashuke Voi, akae naye katika kile chumba kimoja pamoja na mume na mtoto.

"Sishuki," mama akasema. "Babenu amelala hapo nyuma kwenye migomba. Kule joto litaniua kabla ya siku zangu. Niacheni kwa kiti changu."

"Siku ukianguka kwa hizo ngazi?"

"Nitaanguka kwangu."

Ndipo tukamwita Mjomba Righa, kaka yake mama, kutoka Sagalla. Kwa mambo ya mama neno la mjomba ni zito, hilo unalijua. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, amejenga kuta za mawe za mashamba maisha yake yote, vidole vyake vimepinda kama mizizi. Alifika kwa bodaboda, akapanda ngazi zangu taratibu akizihesabu kwa sauti. Mlangoni akavua viatu, akachungulia ndani.

"Hodi! Hapa ni kwa dadangu ama ni hospitali? Daktari yuko?"

"Ingia, kaka, acha maneno," mama akamjibu kutoka kwenye kiti, na kwa mara ya kwanza mwezi ule nilimsikia akicheka akielekea kwa mtu.

Mjomba alizunguka chumba kwa chumba. Aligusa kuta. Alisimama chini ya matundu ya upepo, akainua kola ya koti. Kisha akaketi, akaniita. Huku kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja, na ndivyo alivyoniita.

"Mjomba, kabla ya kujenga ulipima?"

"Nilipima. Kiwanja chote, kwa kamba na pima maji."

"Sijauliza kiwanja. Mwenye nyumba ulimpima?"

Nilimtazama mama kwenye kiti chake.

"Hii nyumba ni ya nani? Nambie ukweli."

Nikamweleza habari ya mwenye duka wa Voi. Alisikiliza hadi mwisho.

"Basi umemhamishia dadangu mwili wa mtu mwingine," akasema. "Yule anapigana na jua. Huyu anapigana na ukungu. Yule ana macho." Aligusa kigae kwa vidole. "Ugonjwa ulimchukua macho polepole, Mwakio. Miaka. Na kila kilichochukuliwa yeye alikirudisha kwa mikono na kwa nyayo, kidogo kidogo, mpaka sisi sote tukawa hatujui. Wewe ulimchukua yote kwa siku mbili. Na ulikuwa unacheka, Mama Saru ameniambia."

Hakupaza sauti. Nilitazama chini, kwenye vigae vyangu. Vilikuwa vimenyooka sana.

Nilitaka kusema nilifanya kwa upendo. Ni kweli nilifanya kwa upendo. Lakini maneno hayo yalikuwa mepesi mno kwa chumba kile, nikayameza.

Mjomba akasimama. "Dada, vua hizo soksi. Twende nje."

Nyumba yangu nilikuwa nimeisogeza mbele ili ionekane barabarani, kwa hiyo sakafu ya ile ya zamani ilikuwa ingali nyuma, wazi, mvua imeilamba. Kile kijia bado kilionekana ukiinama. Mjomba alimshika mama mkono hadi ukingoni, kisha akamwachia.

"Ingia kwako," akamwambia.

Mama alisimama akipapasa ardhi kwa vidole vya miguu. Akasogea kulia. Akarudi. Kisha uso wake ukatulia. "Hapa ni kizingiti," akasema, na akainamisha kichwa, mwanangu, akapita chini ya mlango ambao haupo. Akainuka ng'ambo, wima kabisa. Akaenda moja kwa moja hadi pembeni, akageuka. "Hapa nalala." Kisha akaanza kutembea, na midomo yake ikawa inahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Ya nne akanyoosha mkono wa kushoto kushika nguzo.

Mkono ukapita hewani. Akayumba. Wakesho alitaka kukimbia, Mjomba akamzuia kwa kiwiko. Mama akajishika mwenyewe, akasimama, na mkono ule akaurudisha pale pale, umefunguliwa, usawa wa kiuno. Ukangoja.

Nilikimbia bandani. Sijui niliing'oa vipi ile nguzo. Nakumbuka bati moja lilianguka na mbuzi wakanililia. Niliiburuta hadi pale nikaisimamisha chini ya kiganja chake.

"Sogeza," akasema. "Huku. Kidogo tena. Hapo." Kisha vidole vikaishika, vikapanda juu, vikashuka. "Mwakio, hii imezama. Mahali pangu pako chini."

Ni kile kipande nilichokikata. Mjomba akaenda kwenye mawe niliyobakiza, akachagua bapa moja, tukaiinua nguzo, tukalisukuma jiwe chini yake. Pale panapong'aa pakapanda hadi kiganjani. Mama akaegemea. Alifumba macho, kana kwamba yalikuwa na kazi.

"Endelea, dada," Mjomba akamwambia. "Tembea. Wewe mjomba, leta vigingi."

Ndivyo tulivyopima nyumba ile. Yeye alitembea siku yake yote, kutoka kuamka hadi kulala, na mimi nyuma yake nikigongelea kigingi kila alipogeuka. Alipoinama kuchukua mtungi, kigingi. Alipoketi pale alipozoea kukaa na Mama Saru, kigingi. Mkono ulipoinuka kutafuta chumvi nilishika kimo chake kwa kijiti. Sikutumia kamba. Mjomba hakuniruhusu.

Nilijenga chumba kimoja cha udongo, mgongo wake mlimani, mlango mfupi ubavuni. Niliongeza mambo mawili tu ya kwangu, na kila moja nilimwomba ruhusa: kidirisha juu ya mafiga cha kutolea moshi, na benchi la udongo kando ya moto, kimo cha magoti yake. Siku tuliyomaliza hapakuwa na mchungaji wala vigelegele. Mama aliingia peke yake, akafunga mlango. Baada ya muda tukaona moshi.

Aliishi humo miaka tisa. Nyumba kubwa ikawa ya kuhifadhi mahindi na ya kulaza wageni, na mgeni mkubwa nikawa mimi. Nikija likizo nililala kwenye vigae vyangu, nimejifunga blanketi mbili, na asubuhi mama aliniuliza kwa upole mwenye duka ameamkaje.

Usidhani yote yalirudi. Ile miezi ya kuburuta nyayo iliacha kitu. Mguu wake wa kulia ulirudia kutembea, wa kushoto haukuamini tena. Hadi mwisho aliutanguliza kwa kuusugua chini, hata ndani ya chumba alichokijua. Nilikuwa nikiusikia ule msuguo kutoka nje. Upo hadi sasa masikioni. Huenda ndio unaonitembeza huku na huku, maana sijawahi kukaa nyumba moja nikatosheka. Nikipanga chumba kipya, siku ya kwanza nazima taa, nanyoosha mkono, natafuta kitu ambacho hakipo.

Sasa nikupe nilichokuja kukupa.

Ukitaka kumjengea mzazi, usianze na ramani. Nenda ukakae naye siku moja kamili katika nyumba unayoiona mbaya. Mtazame anavyoinuka kitini, mkono wake unaegemea nini. Mtazame anavyopita mlangoni akiwa amebeba maji, bega lipi linatangulia. Kama ni Sagalla, ambako kila tone limepandishwa kwa mgongo, uliza mtungi unatuliwa kimo gani, kisha umjengee mahali pa kuutua kimo hicho hicho. Jua linamkuta wapi asubuhi, na baridi inamwingilia upande upi? Anahesabu hatua ngapi? Atakwambia hahesabu. Wewe hesabu.

Usimfanyie sapraizi. Mwili wa mtu mzima haupendi sapraizi. Mwulize, hata kama jibu lake litaharibu picha uliyo nayo kichwani, na hata kama wenzako watapita barabarani wasione la kusifia. Na ile ya zamani usiibomoe kwanza. Jenga mpya pembeni, mwache aizoee kwa nyayo zake, na yeye mwenyewe ndiye aseme siku ya kuiacha. Akisema hataiacha, rekebisha paa, mshukuru Mungu, uende zako.

Nguzo ile bado ipo Wusi, na jiwe lake chini. Nikipita huko huingia, huinama mlangoni, huenda hadi pale palipokuwa na kitanda. Moja, mbili, tatu, nne. Mahali pake ni pa chini kwa mkono wangu, nalazimika kuinama. Nainama.

Haya, mwanangu, nenda. Mungu akupe mikono ya kujenga na masikio ya kusikiliza kabla ya kujenga. Akupe nyumba ambayo mgeni mwenye matope hataogopa kuingia. Paa lako lisivuje, moto wako usizimike, na watu wako watembee humo wima. Na siku macho yako nawe yatakapochoka, ukanyoosha mkono mbele, uikute nguzo ipo.